Atakayemsimamia Dzifa

Akra, Jumanne

Mdogo wangu mpenzi Dzifa,

Natumaini u mzima na ule mkono ulioungua umepona. Huku mvua imetunyeshea wiki nzima. Ofisini nimehamishiwa meza iliyo karibu na mlango wa bosi, kwa hiyo siku hizi hata kukohoa nakohoa kwa adabu.

Nilimweleza Baba kwamba umemaliza kujifunza umeme wa magari, na Jumamosi fundi wako anakuaga rasmi. Alicheka. "Binti yangu alipata nafasi chuo kikuu akaikataa. Leo niende gereji nikatoe shukrani?" Nikasema basi nitakwenda mimi. Akauliza, "Mkataba wako wa kazi si unaisha mwezi huu? Bosi wako bado ni rafiki yangu, Mawuli."

Najua kwamba bila ndugu wa kusimama na kukuombea huku umepiga magoti mbele yake, fundi hatakuachia ukafungue gereji yako. Nakumbuka pia ulivyonitania kwenye simu: "Kaka, ni maneno mawili tu, kisha unakula akple unarudi zako. Unatetemeka nini?"

Dzifa, sitakuja. Tafadhali mwombe yule mama anayewauzia chakula asimame badala yangu, aseme ni ndugu yako. Jumamosi nitashinda ofisini, ingawa hakuna kazi. Nikibaki chumbani nitakuwa naangalia saa, nikijua sasa umepiga magoti, sasa wanauliza, "Ndugu yake yuko wapi?"

Ni mimi kaka yako,
Mawuli