Kitambaa cha Kufungia Tumbo

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na cherehani haijakugomea. Mtoto ana afya, ananyonya kama anakimbizwa. Mimi ndiye si mzima. Tangu nijifungue, nikikohoa tu mkojo unaniponyoka. Jana kiwandani niliinua trei ya mikate nikalowa hadi viatuni, mbele ya msimamizi. Huku chini nahisi uzito, kama kitu kinataka kutoka. Kile kitambaa chako ulichonipa cha kufungia tumbo nimekikaza mpaka pumzi inakata, na hali inazidi. Mume wangu hajui. Nakuambia wewe peke yako.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo. Mimi nimezaa saba na hakuna aliyewahi kuniona nimelowa. Wewe mmoja tu kakushinda! Punguza maji, kaza kitambaa zaidi, funga na mdomo.

Barua yako niliwasomea wateja. Unanijua, nguo zikichelewa lazima niwape cha kusikiliza, la sivyo wananuna. Walicheka hadi machozi. Mama mkweo alikuwepo, amefuata sare za wajukuu. Yeye hakucheka.

Mamako

11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hapa tumebaki wawili. Mkwe alimpigia mwanawe simu siku ileile. Mume wangu amehamia kwa kaka yake, eti hawezi kulala na choo.

Nilikwenda kliniki. Nesi alinifungua kitambaa akakitupa kitini. Kumbe chini ya nyonga kuna misuli inayobeba kibofu na kizazi, na uzazi huilegeza. Wanawake wengi yanawapata, ila wananyamaza. Kujifunga vile kunasukuma kila kitu chini. Amenifundisha kubana kama ninayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, nishikilie, niachie taratibu, kila siku. Nisibebe vizito, nisijinyime maji. Na ameniwekea pete laini ya mpira ya kushikilia kizazi.

Nakusihi, hii usimsomee mtu.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimewasomea. Ile pete imewachekesha kuliko yote, na wewe sasa wanakuita Bomba Bovu. Huyo nesi kwani amezaa? Barua yako nimeichana, karatasi nikakatia kipimo cha kola. Nenda kamwombe mumeo radhi.

Mamako

9 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mjukuu wangu hajambo? Nimeandika mara kadhaa, hujibu. Mimi ni mgonjwa. Nilinyanyua cherehani, kitu kikashuka. Nikitaka kutembea nakishikilia kwa mkono. Nashona nimekalia gunia, na wateja wanakaa mbali nami. Wengine wameshahamia kwa fundi mwingine. Kliniki ya huku siendi, manesi wote ni wateja wangu, na walikuwepo siku ile tunacheka.

Nasikia umepona, unaruka kamba mwanao akitazama. Yule nesi alikufundisha nini? Nimetafuta barua yako, nimepata kipande cha kola tu, kimeandikwa "kila siku". Niandikie tena, mama. Naapa sitamsomea mtu.

Mamako

1 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi na mwanangu tu wazima, tunacheka bila woga.

Ndani ya bahasha utakuta kitambaa chako. Nimekifua na kukipiga pasi. Punguza maji, kaza zaidi, funga na mdomo.

Barua ni fupi. Wateja waliobaki hawatachoka kuisikiliza.

Mwanao,
Bomba Bovu