Nyumba Waliyoisafisha

Mama,

Jana waliisafisha nyumba yako. Si kwa fagio. Fagio ningelishika mwenyewe. Walimleta mganga kutoka Kagunga, mwanamume wa makamo mwenye viatu vizuri kuliko vyetu sote, akanyunyiza maji ya majani kuanzia mlangoni hadi jikoni ili autoe uchawi wako. Ndivyo walivyosema, Mama. Uchawi wako. Nakuandikia neno hili ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine.

Ni kwa ajili ya Mwanaidi. Mdogo wangu ameposwa na kijana wa Ilagala, mpole, muuza nyavu, ungempenda. Lakini wazee wake walisema hawaleti mahari kwenye nyumba yenye maneno. Isafishwe kwanza. Na mganga naye akasema haingii mpaka mtoto wa kwanza wa marehemu amfungulie mlango kwa mkono wake. Mtoto wa kwanza ni mimi. Kwa hiyo walihitaji mkono wangu, ili uwe ushahidi dhidi yako.

Nilikataa. Baba mdogo akaniambia, "Ni kufunga midomo ya watu tu, mwanangu. Usituletee usomi wako hapa." Nikakataa tena. Ndipo Mwanaidi akanifuata chumbani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda chako, akasema, "Dada, Mama ameshakufa. Mimi bado nipo."

Nikalinyoosha shuka pale alipokuwa amekaa, nikatoka.

Tangu uondoke nalisikia neno lile kila mahali. Fundi wa simu sokoni akiifufua simu iliyoingia maji, wateja wanamwambia, "Wewe mchawi, kaka!" naye anatabasamu. Mpira ukigonga mwamba mara mbili, vijana kwenye kibanda cha televisheni wanapiga kelele kwamba golini mle kuna uchawi. Chuoni Dar, wenzangu wa chumba walikuwa wakiniuliza, "Rehema wa Kigoma, leo umekuja kwa treni au kwa ungo?" Tukacheka wote. Na wewe enzi zako, hapa kwetu Rusimbi, unakaanga samaki wako wa migebuka kwa mawese, moshi machoni, watu wakijilamba vidole: "Mama Rehema, unatia nini humu? Huu si upishi, ni uchawi!" Ukawajibu, "Uchawi wangu chumvi. Lete sahani, acha maneno."

Hao hao, Mama. Midomo hiyo hiyo.

Halafu Hadija wa jirani akaugua. Unajua alivyokuwa: akitoka shule, kabla hata hajavua sare, anakuja kuchuchumaa kando ya jiko lako kusubiri mkia wa samaki. Homa ilipompanda kichwani akawa anaita, "Mama Rehema, Mama Rehema." Akafa akikuita. Na kwetu mgonjwa akiweweseka akamtaja mtu, basi amemtaja mchawi anayemla. Hakuna aliyejiuliza mtoto alitaka nini kwa Mama Rehema. Alitaka samaki. Mtoto mwenye homa alimtaka mtu aliyekuwa akimlisha, basi.

Hawakukupiga. Wakati mwingine nadhani ingekuwa afadhali, kwa sababu ningejua wa kumshitaki. Waliacha tu kununua. Wanawake waliokuwa wakikusalimia "Mwakeye!" wakiwa bado mbali wakaanza kupita njia ya nyuma. Nawe uliendelea kuwasha moto kila alasiri, ukageuza samaki, jioni ukarudi na beseni limejaa, tukala sisi. Ukasema, "Watarudi, njaa haina kinyongo." Hawakurudi. Ulipokufa, nesi aliandika presha. Sawa, iwe presha.

Mazikoni walikuja, maana mazikoni lazima mtu aje. Walikalia mikeka yetu, wakakusomea, wakakulilia kwa sauti. Lakini walikuja na maji yao kwenye chupa.

Sasa nikueleze ya jana. Ua ulikuwa umejaa. Nilisimama mgongo ukiwa mlangoni, nikawaambia yote: jiko, sare, mkia wa samaki. Nilifika mwisho. Na Mama Hadija akasimama kutoka kwenye kundi la wanawake. Nilidhani atanitukana. Akasema polepole, "Najua, Rehema. Mimi ndiye niliyekuwa namtuma, siku tusizokuwa na kitoweo."

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini?"

"Mwanangu alikufa. Ulitaka nimlaumu nani? Mungu?"

Nilifikiri basi, imekwisha, watajikung'uta waende makwao. Baba mdogo akakohoa. "Haya, tumesikia. Fungua mlango, binti, jua linapanda."

Hakuna aliyemkatiza. Hawakuwa wamekuja kutafuta ukweli. Wengine nadhani walikuwa nao siku zote. Nikamtazama Mwanaidi. Alikuwa ameinamisha kichwa, midomo yake ikisogea kama anaomba dua. Nikafungua.

Mganga akachimba karibu na mafiga, akatoa kitambaa chekundu chenye msumari. Wanawake wakashika vifua. Mimi nilikuwa karibu, nikakiona kikitoka kwenye mkono wa shati lake. Shuleni kwetu aliwahi kuja mtu wa mazingaombwe, akatoa yai kwenye sikio la mwalimu mkuu, tukampigia makofi. Yule angalau alikuwa na adabu ya kutuambia ni mchezo.

Mahari inakuja Ijumaa. Nitapika na wenzangu, nitapiga vigelegele, Mwanaidi hana kosa. Mama Hadija naye sijamsamehe, lakini nimeshindwa kumchukia, na hilo linaniudhi kuliko yote.

Mwanaidi ameshasema hatampa mtoto wake jina lako. Anaogopa. Hapa mtaani wamekuita Mama Rehema miaka yote, mpaka wakasahau kwamba una jina. Basi nakuahidi hivi: Mungu akinijalia binti, ataitwa Mwajuma, jina lako. Nitamlea hapa hapa Rusimbi, na kila jioni, wakiwa wamekaa vibarazani mwao, nitasimama mlangoni nimwite kwa sauti aje ale. Mwajuma! Mwajuma! Waitikie au wanyamaze.

Pumzika, Mama yangu. Mungu akupe huko majirani wema.

Mwanao,
Rehema