Buluu ya Dari ya Baraza

Mama Lavonne, usiiwashe mashine ya kuoshea kuta, wala usiguse soketi ya barazani, imelowa. Mimi mzima, nimechubuka kiwiko tu.

Binti yetu alinionya asubuhi: "Baba, maji hayo yana nguvu, osha ukiwa chini. Ngazini usipande!" Nikamjibu, tangu lini yai likamfundisha kuku? Nikapanda. Bomba likanisukuma, maji yakapiga dari, na ile buluu aliyoipaka marehemu mama yako kwa mkono wake ikabanduka yote.

~~Usimwambie Lavonne.~~ Mwambie alisema kweli. Nimekwenda mjini Beaufort kutafuta rangi kama ile. Kamba wamo kwenye friji, kuleni bila mimi.

Mama yako alikuwa akisema buluu ile huzuia mizimu isiingie ndani. Leo mzimu unaoogopa kuingia ni mimi.

Baba Lavonne