Sisimizi Hawajui Maziwa

Bongo, huku kaskazini, kwenye machimbo ya mawe
Alhamisi, 10 Machi 2022

Mpendwa dada Lamisi,

Hujambo huko Kumasi? Shemeji Atia na watoto hawajambo? Ule mguu wako umepona? Mimi nipo. Mgongo unauma, mawe hayamhurumii mtu. Mama ni mzima, tena mzima kupita kiasi, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Tipoka, mke wa mwanangu Abugre, mimba yake ina miezi minane. Abugre yuko kusini kwenye kakao, kwa hiyo mkwe yuko mikononi mwangu. Zahanati wana somo kila Jumatano, wanawafundisha wenye mimba kunyonyesha kabla hawajazaa. Tipoka hajafika hata mara moja. Jumatano hii Mama anampa karanga amenye, ile anampa mtama atwange. Tipoka mwenyewe ukimuuliza, "Atakavyo Bibi." Nimechoka.

Jana nikaacha nyundo, nikaenda mimi. Wanawake walicheka mpaka wakashika matumbo. Mmoja akaniuliza, "Baba, yako ina miezi mingapi?" Nikamwambia, "Kumi na moja, imegoma kutoka." Nesi akanipa mtoto wa kitambaa nimpakate. Nikampakata.

Nikauliza habari ya sisimizi. Kicheko kikakatika, maana pale hakuna ambaye kwao hawafanyi. Unajua mwenyewe: maziwa ya kwanza yanakamuliwa kwenye kibuyu, anatiwa sisimizi, asipotambaa akatoka basi maziwa ni machungu. Yanamwagwa, mtoto anapewa maji ya mizizi. Nesi akasema, "Baba, sisimizi hata ukimtia kwenye uji atakufa. Amezama tu. Hajui maziwa." Kumbe yale mazito ya njano ndiyo kinga ya mtoto.

Lamisi, mtoto wangu wa pili na marehemu mke wangu Asibi aliishi siku sita tu. Sisimizi wale niliwaokota mimi, kwa mkono huu. Asibi ameingia kaburini akiamini maziwa yake ndiyo yaliyomuua mwanawe.

Nikamweleza Mama. Akasema, "Mwanaume mzima unakwenda kufundishwa titi na katoto ka juzi! Wewe hukunyonya mpaka siku ya nne, mbona hukufa?" Nikatoka nje nikapiga ndoo teke. Sasa kidole kimevimba.

Kwa hiyo shika haya. Mtoto akitoka tu, kifuani. Maji hapana, mizizi hapana. Asubiriwe afungue mdomo wote, ashike na weusi wa titi, siyo chuchu peke yake. Hapo nesi alinirudisha mara tatu kwa yule mtoto wa kitambaa ndipo nikapatia.

Zahanati yetu hawazalishi, Tipoka atazalia nyumbani. Mwanaume haingii chumba kile, hata awe amejua somo lote. Mimi nitaishia mlangoni. Mama anakusikiliza wewe. Njoo kabla mwezi haujaisha, uingie wewe.

Nisalimie Atia, na Ayine na mdogo wake. Mungu awalinde nyote, na wewe akufikishe salama. Ila usichelewe.

Ni mimi kaka yako, nakupenda hata nikiwa na hasira hivi,
Ayamga