Mama Neema ameingia dukani

Goma, Jumanne jioni

Nilikuwa na hakika amekuja kunifungia duka.

Tangu Neema, mmoja wa wasichana ninaowafundisha kuteleza, aanguke na skate, ule ubao wa magurudumu, akapasuka kipaji cha uso, nimekuwa nikimuogopa mama yake. Akikataza binti yake, wamama wengine nao watakataza, na hapa Mabanga wasichana hawana mahali pengine pa kujifunzia. Leo ameingia akitoka kuuza samaki soko la Kituku, skate ya Neema iko kwapani.

“Ni wewe unafundishaka mutoto wangu hii kitu?”

“Ni mimi, mama.”

Akaigeuza, akasukuma gurudumu moja kwa kidole. Likakwama.

“Unaona? Hii ndiyo ilimuangusha. Tengeneza. Na unipatie kofia ngumu ya kumukinga kichwa.”

Dukani kofia ni moja tu, yangu mwenyewe. Nikamupatia. Akaivaa juu ya kitambaa chake, akaigonga kwa ngumi.

“Nyumbani analia tu, anataka kurudi kwako. Heri aanguke akiwa nayo.”

Alipotoka nilikaa chini, nikacheka peke yangu mpaka machozi.

Kofia nyingine nitaitoa wapi, sijui. Lakini Neema atarudi kesho.