Orodha ya Nyumba Ishirini

Jumatano. Manyunyu tangu asubuhi, na shati la kazini limenikaukia mwilini.

Leo nimesema uongo ofisini.

Tangu muhula uanze, kazi yangu ya ukarani idarani, chuo kikuu, ni kumsaidia Dakta Ndunguru. Hataki wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanakili tu anayosema darasani. Anataka somo lenyewe liwe utafiti: waende mitaani waulize, kisha baada ya mwezi warudi nyumba zile zile waulize tena. Mimi napiga chapa maswali, nadurufu, natafuta vibali. Na kwa kuwa nakaa Temeke, niliwapeleka mtaani kwetu.

Mzee Kibwana, balozi wetu wa nyumba kumi, alinitania mbele ya watu: "Karani, hao vijana wako wanasoma au wanapeleleza?"

Watu wakacheka. Mie nikaapa kwamba majina hayaandikwi.

"Haya, andikeni kwamba sukari ya duka la ushirika inatokea mlango wa nyuma," akasema Bi Mwanaisha, mwenye nyumba wangu. "Ila mie usiniandike, mwanangu."

Wanafunzi waliandika ya sukari, jina lake hawakuliandika. Aliyeliandika ni mimi.

Hakuna aliyenituma. Fomu zina namba tu, nikahofia kwamba safari ya pili vijana watapotea. Basi nikapiga chapa orodha, nakala moja: namba, jina, mlango. Nyumba ishirini. Nilijiona mwangalifu.

Leo saa nne akaja bwana mmoja, kaunda suti ya kijivu. Hakusema anatoka wapi. Aliomba kuona fomu za Temeke, na Dakta akamtolea zote, kwa furaha ya mtu anayeonyesha mtoto wake. Yule bwana akafunua moja moja hadi ya sita. Akakaa nayo.

Ya sita ni Bi Mwanaisha.

Kisha akanigeukia mimi, si Dakta. "Ndugu karani, majina ya hawa watu unayo?"

"Sina, ndugu."

"Unakaa wapi?"

"Temeke."

"Temeke kubwa," akasema, akaondoka.

Nani alimwambia aje? Mzee Kibwana, ambaye shemeji yake ndiye muuzaji wa duka la ushirika? Mmoja wa wanafunzi? Labda ni mwalimu tu wa chuo kingine. Labda.

Niliwaza: orodha ikikutwa, Bi Mwanaisha atajulikana; nikiichana, vijana hawatajua pa kurudi, na somo la Dakta litafia hapo. Wapo wakubwa chuoni wanaongoja kusema kwamba wa mwaka wa kwanza hawawezi utafiti. Kwa hiyo mchana nilijifungia stoo ya karatasi, nikaikariri kama nilivyokuwa nikikariri shuleni. Nilijisomea mara tatu bila kukosea. Ndipo nikaichana, nikavichanganya vipande na matambara ya wino.

Nimerudi nyumbani nimemkuta Bi Mwanaisha anakinga maji ya mvua. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wale vijana wanarudi lini? Nina mengine ya kuwaambia."

Nikamjibu kwamba wanarudi.

Karatasi haipo tena. Orodha sasa ni mimi. Yule bwana akija tena, asiulize kwa upole, nitaweza kuisahau?