Mifereji Bila Maji

Nakuamkia kwa Kisukuma: mwangaluka, mjukuu. Ukoo umenipa ubabu kabla ya ndevu, kwa hiyo heshima tafadhali! Huku Bariadi tu wazima. Mama yako yuko kwenye shamba la pamba.

Eti unataka kuacha masomo ya kuandika programu za kompyuta kwa aibu ya kuuliza? Mimi bingwa, niliyeishia kidato cha pili, nilijifunza kutumia maktaba ya programu, yaani msimbo ulioandikwa na wengine ili utumie kwenye programu yako; hiyo ilikuwa ya kupitisha data hatua kwa hatua. Programu yangu ikakaa kimya. Nikawaandikia walioitengeneza maktaba: "Mbovu hii!"

Mmoja akajibu, "Kaka, hatua umeziunganisha vizuri, ila hujaiamuru ianze."

Kumbe nimechimba mifereji ya majaruba ya mpunga, maji sijafungulia! Akaongeza, "Asante, maelekezo yetu hayasemi hilo." Siku hizi yanasema.

Basi uliza, mjukuu. Huenda mwenzako darasani amekwama hapohapo, anakungoja wewe ufungue mdomo.